Kumbukumbu: maana yake katika ubongo na katika mwenendo wa mtu

Kumbukumbu, katika saikolojia na katika elimu ya neva, ni uwezo wa mfumo wa neva kubadilishwa na jambo lililompata mtu, kuyatunza mabadiliko hayo kwa sekunde chache au kwa miaka mingi, na kuyatumia baadaye katika kuwaza, kusema au kutenda. Maana hii ni pana kuliko ile ya mazungumzo ya kila siku, ambamo mwenye kumbukumbu nzuri ni yule tu anayeweza kueleza kilichotokea jana au mwaka juzi. Upana huo ni wa lazima, kwa kuwa ubongo hauna ghala moja linaloweka kila kitu. Una mifumo kadhaa ya kutunza yaliyopita, nayo imo katika sehemu mbalimbali, kiasi kwamba mmoja unaweza kuharibika kabisa ilhali mwingine unaendelea na kazi yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Kiswahili chenyewe hakikuyachanganya mambo haya. Mwanafunzi wa chuoni anayeisoma sura kwa ghibu husemwa kuwa ameihifadhi, na mzee anayesimulia harusi ya ujanani mwake husemwa kuwa anaikumbuka. Mpishi anayesukuma chapati huku akizungumza na mgeni mlangoni, asiutazame wala mpini, hasemwi kuwa anakumbuka chochote: husemwa kuwa mkono wake umezoea. Waliotupa vitenzi hivi hawakuwa wameupasua ubongo wakauchunguza, lakini walitenganisha kwa lugha vitu ambavyo sayansi ilipata ushahidi thabiti wa kuvitenganisha katikati ya karne ya 20 tu, na kwa sehemu kubwa ushahidi huo ulitokana na masaibu ya mgonjwa mmoja.

Mgonjwa huyo ni Henry Molaison, aliyezaliwa mwaka 1926 katika jimbo la Connecticut nchini Marekani. Aliugua kifafa tangu utotoni, na alipofika umri wa miaka 27 kilikuwa kimemwia kikali kiasi cha kumzuia kufanya kazi, ingawa alikuwa akimeza dawa nyingi. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford, daktari wa upasuaji William Scoville alimwondolea sehemu za ndani za ubongo zilizo usawa wa panja, upande wa kulia na wa kushoto. Katika nyama iliyotolewa ilikuwamo sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kidogo kilichojipinda ambacho wanaanatomia wa zamani walikifananisha na farasi wa bahari, pamoja na amigdala iliyo jirani yake. Kifafa kilipungua sana, na kwa kipimo hicho upasuaji ulifaulu. Kilichobainika baada ya hapo ndicho kilichomfanya atajwe katika vitabu vya saikolojia kwa miaka zaidi ya 50, kwa herufi mbili tu, H.M., mpaka alipofariki mwaka 2008 na jina lake likatangazwa.

Molaison hakuweza tena kuliweka jambo jipya likadumu. Mtu aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi alipokewa kama mgeni anayeonekana kwa mara ya kwanza, na Brenda Milner, mwanasaikolojia kutoka Montreal aliyeanza kumchunguza mwaka 1955, alilazimika kujitambulisha upya kila walipokutana. Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba alikuwa amepoteza akili. Alizungumza vizuri na kwa adabu, alielewa mzaha, na alipopewa vipimo vya akili alipata alama zilizozidi wastani wa watu. Utoto wake aliukumbuka, na wazazi wake aliwajua. Jambo hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu kama hipokampasi ingekuwa ndiyo ghala lenyewe, kuiondoa kungeondoa na yaliyohifadhiwa zamani. Kwa kuwa mengi ya zamani yalibaki, ilieleweka kwamba kazi yake kubwa ni kulisaidia jambo jipya lijikite, na kwamba kwa kadiri muda unavyopita jambo hilo huzidi kutegemea gamba la nje la ubongo.

Kumbukumbu ya muda mfupi kabisa nayo ilikuwa salama. Siku moja Milner alimpa namba 584 aishike kichwani, akamwacha peke yake. Baada ya takriban dakika 15 bado alikuwa nayo, akaeleza alivyoifanyia: ukijumlisha tarakimu zote unapata 17, unaikumbuka 8, ukiitoa kwenye 17 inabaki 9, hiyo 9 unaigawa katika 5 na 4, na hapo 584 imepatikana. Dakika chache baadaye, mawazo yalipokwisha kuhamishiwa jambo jingine, hakuikumbuka namba, wala hesabu aliyoifanya, wala kwamba aliwahi kupewa namba yoyote. Kwa hiyo aliweza kukishika kitu kwa muda wote ambao aliendelea kukizungusha akilini. Alipokiachia tu, kilipotea moja kwa moja.

Lililowashangaza zaidi watafiti ni jaribio la nyota, ambalo Milner alilieleza mwaka 1962. Molaison aliwekewa karatasi yenye mchoro wa nyota uliozungushiwa mistari miwili, akatakiwa kupitisha penseli katikati ya mistari hiyo huku akiuona mkono wake katika kioo tu. Aliyewahi kujinyoa au kujisuka mbele ya kioo anaijua taabu yake: unataka kwenda huku, mkono unakwenda kule, na kwenye kila kona ya nyota penseli hukwama na kutetemeka. Siku ya kwanza alikosea mara nyingi, kama yeyote kati yetu angekosea. Siku ya pili na ya tatu makosa yalipungua hata akaichora nyota kwa ustadi, ingawa kila alipoketi mezani alielezwa kazi hiyo tangu mwanzo kwa kuwa hakujua kwamba aliwahi kuifanya. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenyewe hana habari.

Matokeo hayo yalisaidia kuthibitisha kwamba kumbukumbu za kudumu ziko za namna mbili kuu. Ya kwanza ni kumbukumbu inayosemeka, ambayo ndani yake mna matukio ya maisha ya mtu pamoja na maarifa ya jumla, kama vile jina la mji mkuu wa nchi au idadi ya siku za mwezi. Hii ndiyo inayoihitaji hipokampasi na sehemu zinazoizunguka. Ya pili ni kumbukumbu ya vitendo, yaani stadi na mazoea, ambayo hutegemea zaidi viini vilivyo katika vina vya ubongo vinavyoitwa ganglia za msingi, pamoja na serebelamu, ubongo mdogo ulioko kisogoni. Wagonjwa wa Parkinson, ambao ugonjwa wao huziathiri ganglia za msingi, wamesaidia kuona upande wa pili wa jambo hili: wengi wao hukumbuka waliyoambiwa jana, lakini hupata shida katika kujenga mazoea mapya yanayokuja polepole kwa kurudiarudia. Iko pia kumbukumbu ya hofu, ambayo amigdala ina kazi kubwa ndani yake, nayo ndiyo humfanya mtu aliyewahi kuumwa na mbwa asisimke mwili kwa kusikia mnyororo tu ukiburuzwa.

Kuhusu mabadiliko yenyewe, inatosha kusema kwamba hutokea hasa pale seli za neva zinapokutana, mahali paitwapo sinapsi. Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86, na kila moja inaweza kuwa na maelfu ya sinapsi. Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walionyesha, katika hipokampasi ya sungura, kwamba njia ya neva ikisisimuliwa kwa mfululizo wa haraka, mawasiliano yake huimarika kwa saa nyingi baadaye. Eric Kandel, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000, aliufuatilia mwenendo wa namna hiyo kwa konokono wa baharini na kuonyesha kwamba kujifunza kwa muda mfupi hubadilisha nguvu ya sinapsi zilizopo, wakati kujifunza kwa kudumu huhitaji protini mpya na huotesha sinapsi mpya. Mtu akisema kwamba mazoezi yamemwingia mwilini, hajakosea sana.

Tofauti hii huonekana majumbani bila maabara yoyote. Ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huanza kushambulia hipokampasi na sehemu zinazopakana nayo. Basi utamkuta bibi aliyemaliza kunywa chai sasa hivi akilalamika kwamba tangu asubuhi hajapewa kitu, na watoto wa nyumba hiyo, wasiojua, humwona msumbufu au hudhani anawasingizia. Bibi huyohuyo ukimletea chane za ukindu atazilowesha maji, atazipanga kwenye vidole na kuanza kusuka ukili ulionyooka, na chane moja ikimwishia ataunga nyingine pasipo kuonekana alama. Anayelinganisha mambo haya mawili bila kujua maana ya kumbukumbu huhitimisha kwamba bibi anajisahaulisha, kwa hoja kwamba aliyesahau chai aliyokunywa asingeweza kukumbuka kazi ngumu kama kusuka. Hoja hiyo ingekuwa sahihi kama kumbukumbu ingekuwa kitu kimoja. Chai ya leo inahitaji hipokampasi ambayo tayari imeumwa. Ukili aliojifunza tangu usichana wake umo katika sehemu ambazo ugonjwa bado haujazifikia. Kwa kadiri miaka inavyokwenda ugonjwa huo huenea, na ndipo vidole navyo huanza kupotea njia.