Kuhama leveli kwenye jimnastiki: alama ikishuka haina maana mtoto karudi nyuma

Kila msimu mpya ukianza utamkuta mzazi kwenye viti vya watazamaji kashika kichwa, mwaka jana binti yake alikuwa anapata 9.4 karibu kila mashindano, mwaka huu kapandishwa leveli na kwenye ubao imetoka 8.3, na kabla mashindano hayajaisha maneno yashaanza, mara kocha hafai, mara jaji ana upendeleo, mara mtoto kapoteza moyo. Na mtoto yupo hapohapo anasikia. Hapa naongelea jimnastiki ya wasichana Marekani, kwenye huu mfumo wao wa leveli, yaani ngazi 1 mpaka 10, maana dhana potofu ni nyingi na wanaoumia ni watoto.

"Alama imeshuka, basi mtoto kashuka." Hii ndo kubwa kuliko zote. Leveli 1 mpaka 5 kwenye Development Program ya USA Gymnastics, shirikisho la jimnastiki la Marekani (zamani programu hiyo ikiitwa Junior Olympic), ni za onyesho la lazima, yaani wasichana wote wa leveli moja wanafanya onyesho lilelile, sakafuni muziki ni uleule, mikono inapanda palepale, na kazi ya jaji ni kuona nani kalifanya kwa usafi zaidi. Mtoto anakaa na onyesho hilo moja msimu mzima mpaka mwili wenyewe unajua nini kinafuata, sasa 9.4 ikija si ajabu. Kuanzia leveli 6 mpaka 10 mambo yanageuka kabisa, kila mtoto ana onyesho lake, kocha kapanga kulingana na anachokiweza, na jaji sasa anaangalia vitu viwili: je, vinavyotakiwa vipo vyote, halafu kavifanyaje. Leveli 6 inataka vipengele vitano vya daraja A (herufi ni ugumu, A ndo rahisi zaidi) na kimoja cha B, leveli 7 ni A tano na B mbili, leveli 8 A nne na B nne, ukifika 10 unadaiwa A tatu, B tatu na C mbili. A ina thamani ya 0.1, B 0.3, C 0.5. Na bado kuna masharti maalum manne kwa kila kifaa isipokuwa volti, ile ya kuruka juu ya meza, kila sharti ni 0.5.

Chukua boriti, ile ya upana wa sentimita 10 iliyoinuliwa mita moja na robo. Sharti mojawapo pale ni kuzunguka digrii 360 kwa mguu mmoja. Mtoto anapanda, anaanza kuzunguka, anayumba, anashusha mguu akiwa nusu ya njia. Hajaanguka, wewe kwenye kiti unapumua, unasema afadhali. Kumbe kwa jaji mzunguko haujakamilika, sharti halijatimia, 0.5 inaondoka kwenye alama ya kuanzia, yaani ile ya juu kabisa anayoweza kupata kabla ya makato ya utekelezaji, kwa hiyo mtoto hachezi tena kutoka 10 anacheza kutoka 9.5. Baadaye anaanguka mara moja, nayo ni 0.5, tuko 9.0. Halafu yanakuja yale madogomadogo, magoti yamepinda, vidole vya miguu havijanyooka, kuyumba hapa na pale, hatua moja wakati wa kutua, yakijumlishwa tayari uko 8.3. Mtoto ni yuleyule na nguvu zake zilezile, pengine anafanya mambo magumu mara mbili ya mwaka jana. Ndo maana nawaambia wazazi kabla hujauliza amepata ngapi uliza kwanza alama ya kuanzia ilikuwa ngapi, maana bila hiyo 8.3 haikwambii kitu.

Kuna wengine wanateleza upande wa pili, wanaona msichana wa ngazi ya kimataifa kapata 12.8 wanasema huyo kamzidi mbali binti yangu mwenye 9.6. Hapana, hizo namba hazikai kwenye mizani moja. Ngazi ya elite, yaani hiyo ya kimataifa, inatumia kanuni za shirikisho la kimataifa, FIG, ambako alama ni mbili zinajumlishwa, ya ugumu ambayo haina kikomo na ya utekelezaji inayoanzia 10 kushuka chini. Simone Biles wa Marekani alichukua dhahabu ya jumla Paris 2024 kwa 59.131 kwenye vifaa vinne, wakati kwenye mfumo wa leveli vifaa vinne haviwezi kuvuka 40 hata ufanyeje. Hata makato hayafanani, kuanguka kwenye leveli ni 0.5 lakini kwa FIG ni pointi 1 nzima. Hata thamani ya herufi inabadilika, B kwa FIG ni 0.2 na C ni 0.3. Kwa hiyo anayetoka leveli 10 akaingia elite ataona namba zinapanda ghafla juu ya 10 na wala haina maana kaboreka ndani ya wiki mbili, na akianguka mara mbili ndo atajua ameingia wapi.

Hapo inaingia ile ya "10 ilishafutwa." Ilifutwa kimataifa tu. Nadia Comăneci wa Romania alipata 10 ya kwanza ya Olimpiki Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14, ubao ukaandika 1.00 kwa sababu haukutengenezwa kuonyesha 10.00. Mfumo huo ukaendelea mpaka Athens 2004, ambako Yang Tae-young wa Korea Kusini alipewa alama ya kuanzia iliyo pungufu kwa 0.1 na dhahabu ya jumla ya wanaume ikaenda kwa Paul Hamm wa Marekani, ugomvi ukawa mkubwa, na mwaka 2006 FIG wakaleta mfumo wa sasa. Lakini leveli zote za watoto Marekani bado kilele ni 10, na vyuo vikuu pia bado ni 10.

Vyuo nimevitaja makusudi, maana kuna dhana inawakosesha watu usingizi kwamba mtoto asipoingia elite basi chuo asahau. Mashindano ya vyuo yanatumia kanuni zilizotokana na leveli 10, na wasichana wengi kwenye timu hizo wametokea leveli 10 moja kwa moja, hawajawahi kugusa elite.

Halafu Xcel. Wanaiita ya walioshindwa, na hili linaniudhi kweli. Xcel ni njia nyingine ndani ya USA Gymnastics hiyohiyo, ina Bronze, Silver, Gold, Platinum, Diamond na Sapphire, na tofauti yake ni kwamba mtoto anakuwa na onyesho lake na muziki wake tangu Bronze, masharti yana nafasi zaidi ya kuchagua. Inamfaa anayependa jimnastiki lakini ana masomo, ana michezo mingine, au mwili wake haujawa tayari kwa masaa mengi ya mazoezi. Cha kukumbuka tu ni kwamba 9.5 ya Xcel Gold na 9.5 ya leveli 7 ni kama kilo na lita, usizilinganishe. Na wapo wanaohama kutoka njia moja kwenda nyingine, ila kuna masharti ya kuingilia, hayo yaongee na kocha kabla msimu haujaanza.

"Lazima apande kila mwaka." Nani kasema? Kuna alama za chini za kufikisha ili uruhusiwe kupanda leveli fulani, lakini hakuna kanuni inayokulazimisha kupanda ukishazifikisha. Kurudia leveli si adhabu. Mtoto anaporefuka haraka mizani yake yote inavurugika, mruko aliokuwa anaufanya vizuri unapotea kwa miezi, na mifupa bado ina zile sehemu laini karibu na viungo ambako urefu unaongezeka. Kwenye jimnastiki mikono inabeba mwili, kwa hiyo kifundo cha mkono ndo kinaumia sana, na mtoto akisema kinauma kila akifanya mazoezi ya volti au sakafu hayo si maumivu ya kuzoea, anatakiwa daktari, na kumpandisha leveli wakati huo ni kumwongezea mzigo juu ya mfupa unaolalamika. Mwaka mmoja wa kurudia leveli 7 akiwa mzima una faida kuliko nusu msimu wa leveli 8 na mkono kwenye plasta.

Kuhusu majaji kuwa na upendeleo nisikae sana, mashindano mengine majaji wanakata zaidi na mengine wanalegeza, hilo lipo, ila siku hiyo wamekata kwa wote. Angalia nafasi aliyoshika kwenye kundi lake la umri na leveli, 8.9 inaweza kuwa ya kwanza. Na ukitaka kujua kama anakua kwenye leveli mpya, mwambie kocha akuandikie kila kifaa alianzia ngapi na akakatwa nini kikubwa, mashindano ya kwanza na ya mwisho, uweke karatasi hizo mbili pamoja, utaona kama ule mzunguko wa boriti umeshakamilika.