Vitafunwa vya kuuza kuchangisha hela: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Kila ikitakiwa hela ya haraka, iwe bati za darasa la watoto kanisani, matibabu ya jirani au wanafunzi wanataka kupeleka kitu kituo cha yatima, lazima mtu aseme jamani tupike vitu tuuze. Wazo zuri tu. Shida inaanza kwenye grupu la Whatsapp, kila mtu anashusha ushauri na mwingi si kweli, mwisho wa siku watu wamekesha jikoni, hela iliyopatikana ndo ile ile waliyonunulia unga. Mimi msimamo wangu ni mmoja, hela ipo kwenye vitu vya jiko moja visivyoharibika haraka, kashata, visheti, mandazi, keki kavu ya kukata vipande, basi. Dhana nyingi hapa chini zinakutoa hapo zinakupeleka kwenye gharama.

Dhana: bila oveni hamna cha maana mtakachouza

Nani kasema. Visheti, kaimati, vitumbua, kashata, ubuyu, crispi za muhogo, hakuna hata kimoja kinachojua oveni ni nini. Na keki yenyewe inaiva kwenye sufuria zito, mkaa kidogo chini na mkaa mwingi juu ya mfuniko, sio kinyume chake, ukiweka moto mkali chini utatoa keki nyeusi tumboni na mbichi juu halafu useme mkaa haufai.

Dhana: keki lazima mayai, maziwa na bluebandi, ndo maana keki ni hasara

Hii inawatisha wengi bure. Kuna keki inaumuka kwa siki na beking soda tu, haina yai wala tone la maziwa. Unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja (ukipunguza kidogo hamna atakayejua), beking soda kijiko kimoja cha chai, chumvi chembe, kokoa vijiko vitatu vikubwa kama ipo. Pembeni unachanganya maji kikombe kimoja, mafuta ya kula vijiko vikubwa vitano na siki kijiko kikubwa kimoja. Siki ni asidi, ikikutana na soda inatoa gesi na hiyo gesi ndo inainua keki, kwa hiyo moto na chombo viwe tayari kabla hujachanganya, ukishachanganya ukaenda kupiga stori robo saa gesi imeshaondoka utatoa ugali wa kahawia. Keki ikishika na ikapoa inakatwa vipande safi kabisa, na kwa kuwa haina krimu inastahimili meza ya kutwa.

Hapo hapo niseme, beking soda, beking pauda na hamira ni vitu vitatu tofauti na huwezi kubadilisha tu kwa sababu dukani kimeisha. Soda inataka kitu kichachu, mtindi au siki au ndimu. Pauda imeshachanganywa na asidi yake humo humo. Hamira ina uhai, ni vijidudu hai vidogo sana, inataka maji ya uvuguvugu na muda, ukiimwagia maji yanayotokota umeiua. Na kuongeza hamira mara mbili ili mandazi "yaje juu" kunaleta ile harufu ya pombe tu.

Dhana: mandazi yanakunywa mafuta kwa sababu ya unga mbaya

Mara nyingi unga unasingiziwa. Andazi likiingia kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa, maji yaliyomo yanageuka mvuke na kutoka kwa kasi, zile povu unazoziona, mvuke unavyotoka unazuia mafuta yasiingie. Mafuta yakiwa ya vuguvugu hiyo kazi haifanyiki, andazi linalala chini linafyonza. Dondosha kidonge cha unga, kikizama na kupanda haraka na povu pembeni, anza, na usijaze karai maana kila andazi linaloingia linashusha moto. Jingine ambalo wengi hawalijui, mafuta mengi yanaingia baada ya kuepua, andazi linapoanza kupoa mvuke wa ndani unakufa na mafuta ya juu yanavutwa ndani. Ndo maana uyakung'ute na kuyaweka kwenye chujio au waya yakiwa bado ya moto, sio kuyarundika kwenye beseni.

Na gazeti? Watu wanaamini gazeti ni safi eti moto wa andazi unaua kila kitu. Wino haufi. Ni kemikali, na mafuta ya moto ndo yanausaidia kuhamia kwenye chakula. Karatasi nyeupe isiyochapwa inatosha, bei yake haiumizi.

Dhana: karanga za bei rahisi zenye ukungu kidogo, ukizikaanga sana sumu inaisha

Hapa sitanii kabisa. Kashata ya karanga ndo mfalme wa meza ya kuchangisha, kwa hiyo mtu anawaza kubana bajeti kwenye karanga, ananunua zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, anasema zitajificha kwenye sukari. Ule ukungu unatengeneza sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa moto wa jikoni, kukaanga kunapunguza kiasi lakini hakuondoi. Sio maneno ya kutishana, Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125 kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo, na Tanzania mwaka 2016 wakafa watu Dodoma na Manyara, nayo mahindi. Karanga zinashika ukungu wa aina hiyo hiyo. Kwa hiyo chagua kwa mkono kwenye ungo, iliyosinyaa, iliyotoboka, yenye ukungu au chungu ukionja, tupa, usimpe hata kuku. Kama bajeti haitoshi karanga nzuri pika kashata za nazi.

Watoto wadogo chini ya miaka mitano usiwauzie karanga nzima nzima, zinapalia. Na wanaosema mzio wa karanga ni ugonjwa wa wazungu waache, upo hata huku, andika tu kikaratasi "ina karanga" uweke mbele ya sinia.

Dhana: kashata ni kuchanganya tu, mtoto anaweza

Mtoto asisogee kabisa, sukari iliyoyeyuka ina moto kuliko maji yanayochemka na inaganda kwenye ngozi. Ila kwa mtu mzima ni rahisi kweli, jikoni hauzidi nusu saa. Karanga zilizokaangwa na kumenywa vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, maji robo kikombe, iliki. Sukari na maji jikoni, koroga mpaka iyeyuke halafu acha kukoroga, hapa ndo wengi wanaharibu maana wameambiwa wakoroge muda wote, sukari inarudi chenga chenga wanadhani wameuziwa sukari mbovu. Matone machache ya ndimu yanasaidia isirudi chenga, na ikirudi ongeza maji kidogo iyeyuke upya. Ikifika rangi ya chai ya rangi mwaga karanga na iliki, geuza haraka, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha kwa chupa iliyopakwa mafuta na ukate pale pale ikiwa ya moto. Ukisubiri ipoe utavunja kwa nyundo.

Kufunga ni mpaka ipoe kabisa. Ukifunga ya moto, au ukiiacha wazi usiku mzima Dar, Zanzibar au Mombasa na ule unyevu wa pwani, asubuhi inanata kama gundi. Ikifungwa vizuri ya karanga inakaa wiki na zaidi, ya nazi mbichi ni siku chache tu kwa sababu nazi ina maji, sukari nyingi haiigeuzi kuwa kavu.

Dhana: sambusa za nyama ndo zinaleta hela, tupike usiku tuuze mchana

Zinaleta hela na zinaleta kuharisha. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa mawili, sa wewe sambusa ya saa nne usiku unaiuza saa saba mchana juani. Kama lazima sambusa, weka za viazi au dengu, na hizo nazo kaanga asubuhi ile ile kwa mafungu, mezani zifike za moto.

Dhana: vitu tumechangiwa, kwa hiyo kila shilingi ni faida

Unga umechangiwa, sawa, gesi je? Vifungashio? Bodaboda? Andikeni vyote, hata vya kuchangiwa, la sivyo mara ya pili mtu aliyetoa sukari kilo tano akigoma hamjui mnasimama wapi. Bei nazo, watu wanadhani kuuza bei chee kunaleta wateja. Anayekuja kwenye meza ya mchango kaja kutoa, mwekee bei ya mviringo, 500 au 1,000, usimwekee 350 mkaanza kuhangaika na chenji. Hakikisheni mna sarafu tangu asubuhi, na kopo la mchango liwe wazi pembeni, wengi wakipewa chenji ya 500 wanaitumbukiza humo.

Kama ni kanisani na kuna mnada baada ya ibada, tenga keki moja nzima nzuri usiikate. Pale mtu anainunua kwa bei kubwa halafu anasema "narudisha, iuzwe tena", keki moja inalipiwa hata mara tatu nne. Mezani jambo hilo halitokei. Vilivyobaki mezani saa ya mwisho funga vitatu vitatu kwa bei ya viwili, mandazi na keki viishe siku hiyo hiyo, kashata za karanga zifungwe zisubiri jumapili ijayo.