Barua Imefika: Shule ya Mwanao Iko Kwenye Orodha ya Uboreshaji. Je, Uhame?

Majimbo ya Marekani yanapotangaza hali ya shule zake, wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili hutujia na barua mkononi na maswali mawili. Shule inafungwa? Na mtoto nimhamishe? Jibu la swali la kwanza karibu kila mara ni hapana: shule inaendelea, ila wilaya inatakiwa kutengeneza mpango wa kuiinua. La pili halijibiki mpaka tujue shule iliingia orodhani kwa njia gani. Hilo limo ndani ya barua yenyewe, mara nyingi katikati, pale msomaji alipokwisha kuchoka.

Sheria inayotawala jambo hili ni ESSA (Every Student Succeeds Act), sheria ya elimu ya serikali kuu iliyosainiwa na Rais Barack Obama Desemba 10, 2015. Inalitaka kila jimbo, angalau mara moja kila miaka mitatu, kutaja shule zinazohitaji msaada mkubwa. Kwenye barua utaona herufi CSI (Comprehensive Support and Improvement, yaani msaada kwa shule nzima), ingawa baadhi ya majimbo yana majina yake. Shule huingia humo ikiwa katika asilimia 5 ya mwisho kati ya shule za jimbo zinazopokea Title I, yaani fedha za serikali kuu kwa ajili ya shule zenye watoto wengi wa familia za kipato kidogo. Sekondari huingia pia pale theluthi moja au zaidi ya wanafunzi wake wanaposhindwa kuhitimu. Njia ya tatu ni shule ya Title I yenye kundi la wanafunzi ambalo limebaki nyuma sana, na muda wa kurekebisha umepita bila mabadiliko.

Herufi TSI (Targeted Support and Improvement, yaani msaada unaolenga kundi fulani) zina maana nyingine. Hapo shule kwa jumla inaweza kuwa inafanya vizuri, lakini kuna kundi moja au zaidi lisilohudumiwa ipasavyo: wenye ulemavu, wanafunzi weusi, wa kipato kidogo, au wanaojifunza Kiingereza. Kwa maoni yangu, mzazi aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma mwaka juzi anapaswa kuishtukia barua ya TSI inayotaja wanaojifunza Kiingereza kuliko ya CSI inayozungumzia shule nzima. Ya kwanza inamzungumzia mwanawe moja kwa moja. Ya pili huenda inasema tu kwamba mtaa ni maskini na wageni ni wengi.

Aliyezoea kwetu kusikia shule kumi za mwisho zikisomwa redioni atadhani alama ndogo ni uzembe wa walimu. Si lazima iwe hivyo. Mtoto aliyeanza darasa la tano bila Kiingereza hatapata alama ya wenzake waliozaliwa hapa, hata mwalimu awe hodari namna gani. Ndiyo maana kwenye ripoti ya shule, ambayo jimbo hulazimika kuitoa kwa umma kila mwaka, nawashauri wazazi wasiishie kwenye asilimia ya waliofaulu. Tafuta maendeleo ya wanafunzi katika kujifunza Kiingereza. Sheria inalitaka kila jimbo kuyapima. Tazama pia utoro, na kama jimbo lako linapima ukuaji, angalia watoto wamepiga hatua kiasi gani tangu mwaka uliopita. Shule yenye alama ya chini na ukuaji mkubwa mimi nisingeikimbia.

Sasa uhamisho. Jirani atakuambia, “Ni haki yako, wilaya lazima ikupe basi.” Jirani hadanganyi, ila anakumbuka sheria iliyokwisha. Chini ya No Child Left Behind, iliyosainiwa na Rais George W. Bush Januari 8, 2002, shule ya Title I iliyokosa malengo miaka miwili mfululizo ilimpa kila mwanafunzi nafasi ya kuhamia shule nyingine ya umma, na wilaya ilitakiwa kutoa usafiri. Kwa kuwa sheria ile ilitaka asilimia 100 ya wanafunzi wafikie kiwango ifikapo mwaka wa masomo 2013-14, shule nyingi, hata nzuri, ziliishia kuhesabiwa kuwa zimekosa malengo. Waliohama kweli walikuwa wachache sana.

ESSA imelegeza kamba. Wilaya inaweza kutoa nafasi ya kuhama kwa watoto wa shule ya CSI, mradi sheria ya jimbo haikatazi, lakini hailazimiki. Ikitoa, kipaumbele ni kwa watoto wenye alama za chini zaidi kutoka familia za kipato kidogo, na inaruhusiwa kutumia hadi asilimia 5 ya fedha zake za Title I kwa usafiri. Mtoto akishahama kwa njia hii, ana haki ya kubaki shule mpya hadi amalize darasa lake la mwisho, hata kama shule ya zamani itatoka orodhani. Kwa hiyo swali la kuiuliza wilaya ni hili: “Je, mnatoa uhamisho kwa wanafunzi wa CSI mwaka huu, na basi lipo?” Omba jibu kwa maandishi.

Kuna jambo ambalo bado ni lazima. Mtoto akifanyiwa uhalifu wa kutumia nguvu ndani ya eneo la shule ya umma, au shule ikitajwa na jimbo kuwa ya hatari ya kudumu, anapaswa kuruhusiwa kwenda shule salama ndani ya wilaya. Wachache wanalijua hili. Na familia iliyopoteza nyumba ina haki yake tofauti chini ya sheria ya McKinney-Vento: mtoto anaweza kubaki shule aliyokuwa akisoma, na apelekwe na kurudishwa.

Nje ya haya kuna sheria za majimbo. Minnesota ilifungua njia ya kuandikishwa nje ya wilaya mwaka 1988, na majimbo mengi yakafuata. Kuna pia shule za chata, ambazo ni za umma na hazitozi ada, na waombaji wakizidi nafasi, watoto huchaguliwa kwa bahati nasibu. Tatizo ni tarehe: dirisha la maombi aghalabu hufungwa miezi mingi kabla ya shule kufunguliwa, na usafiri mara nyingi huwa juu yako. Nimeona uhamisho mzuri ukivunjika kwa sababu baba anaingia zamu ya alfajiri na mama hana leseni ya kuendesha.

Kabla ya kusaini, iulize shule mpya ina walimu wangapi wa ESL, yaani wa kuwafundisha Kiingereza wasiokizungumza nyumbani, na watakaa na mwanao muda gani kwa siku. Kama ana IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mwenye ulemavu, uliza itatekelezwa vipi tangu siku ya kwanza. Kama anacheza mpira sekondari, uliza kanuni za michezo za jimbo, maana wanaohama wakati mwingine huzuiwa kucheza kwa muda.

Ukiamua kubaki, mpango wa CSI hutengenezwa kwa kuwashirikisha wazazi, kwa hiyo uliza kikao ni lini. Shule ya Title I pia lazima ikuarifu mtoto akifundishwa majuma manne mfululizo na mwalimu asiyetimiza masharti ya jimbo. Mazungumzo yote haya unayo haki ya kuyafanya kwa Kiswahili, kwa mkalimani asiyekutoza kitu, na mkalimani huyo asiwe mwanao. Ukipiga simu, anza na maneno mawili tu, “Swahili interpreter”, kisha subiri.