Glavu haziokoi vidole kwenye msumeno wa umeme

Kwenye karakana za Lamu, kijana akianza kazi huambiwa: "Vaa glavu, zitakukinga." Kwa kubeba mbao za mbambakofi, sawa, maana vibanzi vyake vinachoma kweli. Lakini mbele ya msumeno wa meza, zivue.

Diski yake ya meno, inayochomoza juu ya meza, huzunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Kidole kitupu kikiguswa na jino hukatwa, na hilo pekee ni balaa. Glavu ikinaswa hata uzi mmoja, huenda isichanike. Huvutwa, na mkono mzima ukafuata kabla mtu hajawahi kushtuka. Mikono mirefu ya shati, saa na pete ni hatari ileile. Nimemwona fundi mmoja akikunja shati hadi juu ya viwiko kabla hajagusa swichi. Huyo anaijua kazi.

Kinachokinga vidole ni umbali. Ubao ukibaki mfupi, usukume kwa kijiti kilichokatwa pengo mwishoni, si kwa kiganja. Kifuniko cha diski usikitoe ati kinachelewesha. Na ukibadilisha diski, tafadhali, chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.