CD4 si hesabu ya virusi
Bado utasikia hapa Kisumu kwamba CD4 ni idadi ya virusi vya Ukimwi mwilini. Sivyo, na inauma kuona mtu akihuzunika eti namba imepanda, ilhali kinga yake ndiyo inayoimarika.

CD4 ni protini iliyo kwenye utando wa baadhi ya seli nyeupe za damu, zile za kinga ya mwili; namba unayopewa ni hesabu ya seli hizo. Maabara huchanganya damu na kingamwili (protini zinazonata kwenye shabaha maalumu) zilizotiwa rangi. Kingamwili ya CD4 hunata kwenye protini hiyo. Kisha seli hupita mojamoja mbele ya mwale wa leza. Zilizonatwa hung'aa, mashine ikazihesabu. Mtu mzima mwenye afya huwa na takribani seli hizo 500 hadi 1,500 katika mikrolita moja (sehemu ya milioni ya lita) ya damu.

Wingi wa virusi una kipimo chake tofauti. Usikiruke hata CD4 ikiwa juu.