Mrejesho hasi hauibi nguvu ya amplifaya

Wiki hii nimeletewa tena amplifaya ambayo mwenyewe, kwa ushauri wa rafiki, aliikata rezista ya mrejesho ili sauti itoke yote. Dhana hiyo, kwamba rezista inayorudisha sehemu ya umeme wa tokeo kwenye ingizo ili ipingane na ule unaoingia (ndio mrejesho hasi) inaiba nguvu, nimeisikia mara nyingi kupita kiasi.

Kikomo cha nguvu hutokana na umeme unaoilisha saketi. Amplifaya yenye volti 35 chanya na 35 hasi, volti chache zikishapotea kwenye transista, hufikisha kilele cha volti 31 hivi, ambazo kwenye spika ya omu 8 ni wati 60. Ukate rezista, usiikate, hazitazidi hapo. Mrejesho huamua ukuzaji tu: kwa rezista ya kilo-omu 22 kutoka kwenye tokeo na ya kilo-omu 1 kwenda graundi (volti sifuri), ukuzaji ni mara 23. Ikiwa ukuzaji wa asili, yaani wa saketi bila mrejesho, ni mara 100,000, kisha joto likaushusha hadi 50,000, wa mwisho utatoka 22.995 hadi 22.989, tofauti isiyosikika na sikio lolote. Tunatoa ukuzaji wa ziada, tunapata uthabiti na sauti isiyopotoshwa. Mhandisi Harold Black wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, alilibuni jambo hili mwaka 1927, enzi za vali (mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista), akiwa safarini kwenye kivuko, lakini hataza yake haikutolewa hadi 1937. Kumbe hata wataalamu waliona kutupa ukuzaji ni upuuzi.

Rezista hiyohiyo pia huliweka tokeo karibu na volti sifuri wakati hakuna muziki. Ikikatwa, tokeo hukimbilia upande mmoja na kung'ang'ania huko, na spika hupokea mkondo mnyoofu (DC), usiobadili mwelekeo kama wa muziki. Koili ya omu 8 huwa na kama omu 6 tu kwa mkondo huo, hivyo kwa volti zilezile 31, takriban wati 160 hugeuka joto tupu. Spika ya mteja wangu ilikuwa imetoa koni nje, koili imekuwa nyeusi, inanuka vanishi iliyoungua.

Wengine hudhani transista huzalisha nguvu, ilhali huongoza tu mkondo utokao kwenye pawasaplai. Wengine hutafuta transista zenye ukuzaji mkubwa zaidi wakitarajia sauti kubwa, na hesabu ya hapo juu imeshawajibu. Mlio wa maikrofoni iliyoelekezwa kwenye spika ni mrejesho chanya, ambao huongezea kilichoingia badala ya kukipinga, mambo mengine kabisa.

Wapo pia wanaoamini kuwa mrejesho hasi ukizidi ni bora zaidi. Kwenye masafa ya juu mawimbi huchelewa ndani ya saketi, na yakigeuka nyuzi 180 (kilele kikawa bonde) huku ukuzaji ungali mkubwa, mrejesho hasi huwa chanya na amplifaya huanza kutetema yenyewe. Kakapasita ka pikofaradi 47 au 100 kamewekwa kuzuia hilo. Fundi anayekaondoa hurudi kulalamika kwamba transista mpya zimechemka kabla hajacheza wimbo hata mmoja.