Uzamili wa utafiti si uzamili wenye tasnifu

Kila msimu wa maombi ya vyuo ukifika utasikia kauli hii: “Nataka uzamili wa utafiti, ule wenye tasnifu.” Imeshazoeleka mno, na hata washauri wa wanafunzi huirudia. Shida ni kwamba uzamili wa kozi nao kwa kawaida una tasnifu. Mwanafunzi anahudhuria vipindi, anafanya mitihani, kisha miezi michache ya mwisho anaandika kazi yake na kuikabidhi. Hiyo ni tasnifu halali na pengine ni nzuri sana, ila haigeuzi aina ya shahada.

Uzamili wa utafiti ni shahada ambayo sehemu kubwa ya alama zake hutokana na utafiti anaoufanya mwanafunzi mwenyewe chini ya msimamizi, nayo humwandaa kwa uzamivu au kwa kazi ya utafiti. Maana ni hiyo tu. Kinachosumbua ni mpaka kati yake na jirani zake.

Chukua sayansi za utambuzi na ubongo, fani inayouliza jinsi tunavyoona, tunavyokumbuka, tunavyozungumza na tunavyoamua, na ubongo unahusikaje. Nchini Uholanzi, uzamili wa kawaida wa saikolojia ni mwaka mmoja, krediti 60. Ule wa utafiti ni miaka miwili, krediti 120, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 28 za kazi. Piga hesabu: saa 3,360. Katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, mwanafunzi wa shahada hii hufanya miradi miwili ya utafiti, na juu yake huandika mapitio ya machapisho. Mtu anayedhani tofauti ni tasnifu moja iliyonenepa kidogo, hapo amepotea njia.

Wengine huteleza upande wa pili: wanaamini kwamba “utafiti” maana yake hakuna darasa. Uingereza ipo shahada ya utafiti ya mwaka mmoja yenye krediti 180 (za mfumo wa huko, si sawa na zile za Uholanzi) ambayo huchanganya mafunzo ya mbinu na mradi mkubwa, na ipo nyingine inayopimwa hasa kwa tasnifu. Zote mbili huitwa za utafiti. Kwa hiyo kuwepo kwa vipindi hakuthibitishi lolote. Tazama uzito wa alama umelala wapi.

Sasa tuje kwenye masharti, maana hapa ndipo kauli ile inapowaponza watu. Anayefikiri tofauti ni tasnifu tu huuliza jambo moja: wastani wa alama unaotakiwa. Unatakiwa mzuri, hilo halina ubishi. Lakini jina la shahada ya kwanza halifungi mlango kirahisi kama wengi wanavyohofia. Fani yenyewe ilizaliwa mchanganyiko: Septemba 1956, katika kongamano huko MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, George Miller wa saikolojia, Noam Chomsky wa isimu, na Allen Newell na Herbert Simon waliokuwa wakishughulika na kompyuta waliwasilisha kazi zao jukwaa moja. Ndiyo maana programu nyingi hupokea watu wa saikolojia, biolojia, kompyuta, hata isimu na falsafa.

Kinachowakwamisha waombaji ni takwimu. Watu hulalamika kwamba wanataka kusoma ubongo, si hesabu. Basi wamsikilize samaki. Mwaka 2009 mtafiti wa ubongo Craig Bennett na wenzake walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa samoni aliyekufa. Walimlaza ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, wakamwonyesha picha za watu na “kumuuliza” watu hao wana hisia gani. Uchambuzi ukaonyesha vidoa vya shughuli ndani ya ubongo wa maiti ile. Muujiza haukuwepo. Picha ya ubongo hugawanywa katika vipande maelfu na kila kipande hupimwa peke yake, kwa hiyo baadhi lazima vitaonekana vina uhai kwa bahati tu. Waliporekebisha hesabu kwa kuzingatia wingi wa vipimo, vidoa vyote vikatoweka. Kamati inayosoma transkripti yako, yaani orodha ya masomo na alama zako, inatafuta dalili kwamba wewe ungeshuku kabla ya kushangilia. Kwa sababu hiyo hiyo wanapenda kuona umewahi kuandika programu za kompyuta, walau kwa lugha kama Python, R au MATLAB.

Barua ya maombi nayo hubadilika. Kwa uzamili wa kozi unaweza kueleza unavyoipenda fani. Kwa ule wa utafiti, taja swali, njia ya kulipima, na maabara inayoweza kukusimamia. Na ukishaingia, hakuna mshiriki anayevalishwa kofia ya elektrodi, vihisi vya kupima umeme wa ubongo, kabla ya kibali cha maadili kutoka na yeye mwenyewe kutia saini ya ridhaa. Ratiba ya mradi hupangwa kwa kulijua hilo.

Kama umemaliza uzamili wa kozi na tasnifu yako ni ya maana, hakuna haja ya kuupandisha cheo. Andika jina la shahada kama lilivyo kwenye cheti, kisha chini yake eleza ulipima nini, kwa washiriki wangapi, na uchambuzi upi uliufanya kwa mkono wako. Msimamizi wa uzamivu atausoma mstari huo wa pili kwa makini zaidi.